Kitambaa cha Nyamvula

Shika Adabu, Likoni
10 Februari 1948

Mpenzi Phineas,

Nakusalimu kutoka ng'ambo hii ya maji. Huku sote wazima, isipokuwa joto la kaskazi linatukaanga bila mafuta.

Barua hii utaipata kwa Shangazi Kache akija Changamwe kuuza nazi. Usimwambie kitu zaidi ya shikamoo na ahsante, maana ukimpa neno moja yeye hulirudisha nyumbani limezaa. Lakini ndiye aliyetukutanisha pale kwenye biashara yake, kwa hiyo nimemsamehe yote.

Sasa sikiliza vizuri. Baba amekubali uje Jumapili baada ya ibada. Unajua yeye ni mzee wa kanisa, na tembo la mnazi analichukia kuliko nyoka. Babake mwenyewe alianguka mnazini akiwa amelewa tembo alilotakiwa kuligema tu, si kulinywa, na baba alikuwapo chini, anaona. Desturi ya kwetu mchumba huja na kadzama, yaani kibuyu cha tembo cha kufungulia maneno. Baba hiyo ameigeuza. Kwake wewe njoo na sukari na majani ya chai, basi. Ukifika usimkazie macho, kwetu mkwe hatazamwi usoni. Jibu kwa upole, usile haraka.

Ndani ya bahasha kuna kitambaa cha mkononi. Nimekidarizi mwenyewe, N na P kwenye pembe, na ua katikati ambalo mama amesema linafanana na kaa. Kitambaa hiki ni cha kwenda na kurudi. Kila barua kiende nayo. Na tafadhali usikifue kabla ya kunirudishia. Kikifuliwa kitanuka sabuni ya mche tu, nami nataka kinuke wewe.

Wako anayehesabu jua likitua,
Nyamvula


Stesheni ya Changamwe
17 Februari 1948

Nyamvula wangu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye aibu yenyewe.

Tangu Alhamisi nilikuwa naumwa macho. Niliamka nikadhani kumekuwa giza, kumbe kope zimegandana kwa matongo hata nikazibandua kwa maji ya moto. Humu kwenye landi tunamolala wafanyakazi wa stesheni, nusu yetu tulikuwa hivyo. Nilitaka kukupelekea habari kwamba sitakuja, lakini nilifikiri, baba yake ameshatoa siku, nikiahirisha atasema mtu wa bara hana msimamo. Nikajitia moyo kwamba hadi Jumapili yatakuwa yametulia. Hayakutulia.

Na kile kibuyu. Nilikuwa nimenunua sukari, nimenunua chai, nimezifunga vizuri. Ndipo Randu, ninayelala naye chumba kimoja, naye ni Mgiriama anayejua mambo ya kwenu, akaniambia, "We Mkamba, utakwenda kuposa na majani ya chai? Watakucheka hadi Vanga. Huyo mzee anakupima tu aone kama unaijua heshima." Nikasadiki, Nyamvula. Nilimsadiki Randu nikaacha neno lako. Sukari nikaiacha kitandani, nikapanda feri na kibuyu cha tembo kwapani na macho kama makaa.

Uliona mwenyewe yaliyofuata. Nilikuwa nimeinama, kwa adabu uliyonifundisha na kwa sababu mwanga ulikuwa unanichoma, na baba yako akasema, "Kijana, inua uso nikuone." Nikainua. Akanitazama mimi, akakitazama kibuyu, akanitazama tena. Afadhali angenipiga.

Mimi sijawahi kuonja tembo. Nakuapia kwa Mungu. Kwa kitambaa chako nilijifutia machozi njia nzima ya kurudi, na sasa nakirudisha kama ulivyoagiza, bila kukifua.

Ni mimi niliyeharibu,
Phineas Mutiso


Shika Adabu
20 Februari 1948

Phineas,

Nilitaka kukasirika nawe juma zima lakini nilipofika pale pa sukari kubaki kitandani nikacheka peke yangu jikoni, mama akadhani nimepandwa na kitu.

Baba ulipoondoka alikimwaga kile kibuyu chini ya mpapai. Akasema, "Huyu si mkwe. Huyu ni mgema aliyepotea njia." Nikamwambia unaumwa macho. Akanijibu kwamba kila mlevi wa Likoni huumwa macho siku ya Jumapili. Nikalia.

Aliyetuokoa ni Shangazi. Alikuja na nazi zake kichwani, akazitua, akamwambia baba: "Ndugu yangu, hata Pilato aliuliza maswali kwanza." Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwisho baba akasema uje tena Jumatatu ya Pasaka, mara moja hiyo tu. Atakutazama macho yeye mwenyewe kwenye jua, mlangoni. Yakiwa meupe mtaongea. Yakiwa mekundu nisilitaje tena jina lako katika nyumba yake. Na baba akisema hivyo ndivyo huwa, Phineas. Dada yangu mkubwa alikataliwa mchumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kwa hiyo nenda hospitali. Usikubali kutiwa chumvi wala majani wala maziwa ya mzazi na hao wenzako wa landi. Nenda kwa dresa, yule mganga wa hospitali, akutazame. Nimekililia kitambaa usiku na mchana na kimeloa, ndivyo kinavyokuja kwako. Kiweke karibu na uso wako.

Anayekupenda na kukuogopea,
Nyamvula


Changamwe
2 Machi 1948

Nyamvula wangu,

Macho meupe! Nakuandikia na ninaona kila herufi.

Nilikwenda hospitali. Dresa mwenyewe ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alinivuta kope ya chini akasema, "Hili si vumbi la makaa wala si uchawi wa mtu. Ni vijidudu, vinaambukiza." Akanipa kichupa cha dawa ya matone, penisilini, ile waliyokuwa wakiwapa askari wenye majeraha wakati wa vita. Siku hizi wanaitia hata machoni. Alinionyesha namna yake: nawa mikono, vuta kope ya chini iwe kama mfuko, dondosha tone moja humo, na ncha ya kidondoshi isiguse jicho wala kope. Halafu fumba taratibu bila kukaza. Niliruka kama mbuzi mara ya kwanza. Baada ya kitambo ladha yake hushuka hadi kooni, chungu.

Dawa hii haipendi joto, ikipata joto inakufa. Basi nimeitafutia makao kwenye mchanga wenye maji chini ya mtungi, na Randu nimemkataza kuusogeza mtungi hata kwa kiu. Amenuna. Amenuna zaidi nilipomkataza taulo yangu, kwa maana dresa alisema mtu asitumie kitu cha kufutia uso na mwenzake. Pia alisema macho yakitakata nisiache dawa mpaka siku zake zitimie. Nimetimiza, sikuruka hata mara moja. Kila nikidondosha nilikuwa nasema moyoni, hili la baba yako Mzee Ngowa, hili la Mama, hili la Nyamvula.

Kitambaa nimekilalia chini ya shavu tangu kilipofika. Nakirudisha kwako na salamu za mtu mzima wa macho. Jumatatu ya Pasaka baba yako na anitazame mpaka achoke.

Wako,
Phineas


Shika Adabu
6 Machi 1948

Mpenzi Phineas,

Nimeisoma barua yako mara nyingi hata imelegea mikunjo. Ahsante Mungu, ahsante dresa, na Randu mwambie akanune mbali.

Leo naandika kwa kifupi. Kuni za mikoko hazijakauka na jikoni kumejaa moshi, nafikiri umeniingia machoni kidogo. Si kitu. Mimi ni mzima kabisa.

Baba hajalitaja jina lako, lakini jana aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama ile kazi ya karani wa mizigo ina nyumba. Mama akanikonyeza. Naona ukuta umeanza kupata ufa.

Kitambaa hiki hapa. Nimekikumbatia usoni kila siku.

Nyamvula wako


Changamwe
12 Machi 1948

Nyamvula mpenzi,

Shangazi amesimama mlangoni ananiharakisha, gari lake linaondoka. Ni salamu tu na kitambaa. Huku kuna vumbi jingi leo, mabehewa ya makaa yanapakuliwa, macho yanawasha kidogo. Usifikiri chochote. Pasaka iko karibu nami nimeshanunua sukari nyingine.

Phineas


Changamwe
16 Machi 1948

Nyamvula,

USIKIGUSE KITAMBAA. Kama umeshakigusa nawa mikono sasa hivi kabla hujasoma zaidi.

Umenawa? Basi nikueleze.

Lile halikuwa vumbi. Kesho yake niliamka kope zimegandana tena, macho mekundu kuliko mwanzo. Nilikaa kitandani nikaona Pasaka yote inaniponyoka. Nikakimbilia hospitali nikamwambia dresa dawa yake ni ya uongo. Hakukasirika. Akaniuliza nani mwingine anaumwa chumbani. Nikamwambia wote wamepona. Akauliza kuhusu taulo, nikamwapia kwamba sichangii. Akauliza, "Ukitokwa na machozi unajifuta na nini?" Nikamjibu kwa kiburi, "Na kitambaa changu mwenyewe, hakuna mwingine hapa anayekitumia." Akasema, "Kilete." Nikamwambia hakipo, kiko Likoni kwa mchumba wangu, kinakwenda na kurudi. Akaweka kalamu chini. "Na nani hukifua?" Nikasema hakuna, tumekatazana.

Nyamvula, yule mtu alicheka mpaka akaegemea kabati la dawa. Akawaita wenzake waje wanione. Kisha alipojifuta machozi, kwa kitambaa chake kisafi, akanieleza pole pole kama baba. Nilipokuwa mgonjwa niliviweka vile vijidudu kwenye kitambaa nikakutumia. Ukaviweka machoni mwako ukanirudishia. Dawa ilinitibu kweli, nasi tukanunua ugonjwa upya kwa barua.

Sasa niambie kweli. Ule moshi wa mikoko ulikuwa moshi?

Kama si moshi, nenda hospitali upate kichupa chako mwenyewe, kwa sababu hiki changu dresa amekataza tuchangie. Kitambaa kichemshwe kwenye sufuria mpaka maji yatokote. Mimi nimeanza matone tena. Nakupenda, na nimekutia ugonjwa kwa mapenzi yangu, sijui niombeje radhi kwa jambo kama hilo.

Phineas


Shika Adabu
18 Machi 1948

Phineas wangu,

Haukuwa moshi.

Nilikuficha kwa sababu ungeiacha furaha yako ya kupona ukaanza kuniwaza mimi. Macho yangu yaliwaka tangu ile barua uliyoandika kwa furaha. Baba aliyaona. Akaniuliza, "Na wewe umekunywa?" Nikamwambia, "Abee, baba, wewe wajua ninachokunywa." Akaondoka zake. Nilifurahi kwa siri, nikasema labda ameelewa.

Lakini sasa kuna kubwa kuliko hilo.

Kitambaa kilipokuja safari hii kilikuwa na unyevu. Nikakianika nyuma ya nyumba kwenye kamba, nje ya macho ya watu, kipate upepo. Baba akarudi kutoka shamba la mihogo jasho linamtiririka. Akakinyakua kambani akajifuta uso mzima, macho, shingo, mpaka nyuma ya masikio. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika ungo. Hayo yalikuwa kabla barua yako haijafika.

Leo asubuhi ametoka chumbani amefumba jicho moja. Anasema ni mbu. Jumapili hii ni ya Matawi na yeye ndiye msomaji wa somo kanisani, mbele ya watu wote. Nimfanyeje? Nikimwambia, atajua habari ya kitambaa na barua na Shangazi, na Pasaka yetu itakuwa imekwisha. Nisipomwambia, atasimama vile mbele ya watu. Nishauri haraka.

Nyamvula


Changamwe
20 Machi 1948

Nyamvula,

Mwambie. Mwambie leo, kabla ya ibada ya kesho. Mwambie ni kitambaa, na kwamba aliyekichafua ni mimi. Usijitaje wewe.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika hivi. Nakutaka kuliko kitu chochote, na nikikukosa sijui Changamwe nitaishi vipi. Lakini siwezi kuwa mkwe wa mtu niliyemwacha aumwe macho ili anipende. Dresa anasema yakiachwa yanaweza kuharibika. Mzee apelekwe hospitali. Akikataa posa, na akatae, lakini akatae akiwa anaona.

Kitambaa chemsha hata kama rangi za ua lako zitatoka.

Phineas


Shika Adabu, Likoni
24 Machi 1948

Kwa Bwana Phineas Mutiso,
Stesheni ya Changamwe.

Bwana,

Nakuletea barua hii kwa mkono wa dada yangu Kache, ambaye sasa najua kwamba mzigo wake haukuwa nazi tu. Naandika mimi mwenyewe. Herufi zikipinda, ujue sababu.

Jumamosi binti yangu alikuja mbele yangu akapiga magoti, akanieleza habari ya kitambaa. Sikusadiki. Nilisema ni maneno ya kukutetea wewe, nikamwacha hapo chini nikatoka.

Jumapili nikasimama kusoma somo. Sikuweza kuona mstari wa kwanza. Machozi yalikuwa yananitoka na kope zinavutana, nikasoma nusu kwa kukumbuka na nusu kwa kubuni, na nadhani nimemwongezea Bwana wetu punda asiyekuwapo. Nilipoinua uso nikaona watu wananitazama. Walikuwa wananitazama vile nilivyokutazama wewe. Mama mmoja wa kiti cha mbele, ninayemfahamu tangu ubatizo wake, aliponipa mkono mlangoni alinusa pumzi yangu. Mimi. Yohana Ngowa.

Jumatatu nikaenda hospitali ng'ambo. Kwenye feri mtu nisiyemjua, aliyelewa tangu alfajiri, alinitazama usoni akafurahi kama ameona nduguye. Akanipisha nikae. Akaniambia kwa upendo kabisa, "Mzee, la jana lilikuwa kali, eh? Njoo nikuonyeshe penye tembo la kutolea uchovu." Nilitaka kumwambia mimi ni nani. Nikakumbuka kwamba na wewe ulitaka kuniambia, nami sikukupa nafasi. Nikamshukuru yule mtu kwa kiti. Njia nzima nilikaa naye.

Nimepewa kichupa changu na Nyamvula chake. Viko chini ya mtungi. Mke wangu hawezi kunitia dawa, mkono wake unatetemeka na mimi naruka. Kwa hiyo Nyamvula hunitia mimi, na mimi humtia yeye, ukumbini, asubuhi na jioni na katikati. Anayetiwa hana budi kuinua uso na kutulia. Bwana Phineas, nilipomvuta kope yule mtoto nikagundua kwamba sijamtazama machoni tangu alipokuwa wa kubebwa. Nilikuwa namtazama kama ametii au hakutii. Jana, tone lilipoingia, alisema, "Ahsante, baba," na nikaona kwamba alikuwa akilia, na kwamba haikuwa kwa sababu ya dawa. Nimemkosea. Nawe nimekukosea. Nayasema hivyo hivyo yalivyo kwa sababu sijui njia nyingine ya kuyasema.

Nimesoma pia barua yako ya tarehe ishirini. Hakunionyesha Nyamvula, Kache ndiye aliyenipa, naye nitamshughulikia baadaye. Umeandika nikatae nikiwa ninaona. Naona.

Sasa mambo ya Jumatatu ya Pasaka. Njoo na sukari na majani ya chai. Huyo Randu ukipenda mlete, lakini akija na kibuyu kibaki kwenye feri na yeye abaki nacho. Macho yako sitayatazama mlangoni. Kama bado ni mekundu njoo hivyo hivyo, humu ndani hutakuwa peke yako.

Kitambaa kimechemshwa kwenye sufuria kubwa. Ua limetoka rangi kweli, lakini zile herufi mbili hazikutoka hata kidogo. Mke wangu amekianika kwenye ua wa mbele, kando ya njia, na nilipomwambia akiondoe akanijibu kwamba kinahitaji jua. Tangu jana Shika Adabu yote imepita hapo ikakisoma, na kila anayepita anauliza P ni nani. Nimechoka kujibu. Njoo wajionee wenyewe.

Mimi baba yako,
Yohana Ngowa